Sita na Tisa

Nayasema haya kama ushuhuda, si kama mafundisho. Mimi ni fundi wa kinu cha mawese hapa Rumonge. Sikusoma sana, na yale machache ya kitaalamu utakayoyakuta humu niliambiwa na wenye elimu yao au niliyasoma baadaye. Lakini yaliyonipata ni yangu, na nayatoa kwa sababu kandokando ya ziwa hili, kuanzia Magara hadi Nyanza-Lac, najua wapo wengi ambao leo wako pale nilipokuwa.

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, damu ilipoanza kumwagika huku kusini mwa Burundi. Mimi nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania, na tulirudi Burundi 2008 pamoja na maelfu ya wenzetu. Shamba la michikichi la babu tulilikuta lina watu. Baada ya mashauri marefu tukagawana nao, na kipande tulichopata hakikuwatosha ndugu wote. Nikaenda kutafuta kibarua kinuni.

Asiyekijua kinu chetu nimweleze kidogo. Chikichi huchemshwa kwenye mapipa, humwagwa zikiwa za moto ndani ya chombo cha kuzipondaponda, kisha hukamuliwa. Kinachozungusha vyuma vyote hivyo ni injini ya mazuti ya pistoni moja, inayowashwa kwa hendeli. Bomba lake la moshi lilikuwa fupi, limekatwa hapohapo chini ya paa. Paa lilikuwa la bati, na kuta za bati pia. Pembeni ilikuwapo mashine ya kuvunjia kokwa, na hiyo kelele yake sijui niieleze vipi. Waliokaa nayo wanaijua. Msimu wa chikichi ukikolea, tulikuwa tunawasha alfajiri na kuzima usiku.

Siku za mwanzo kichwa kiliniuma. Jioni nilitoka masikio yameziba, sauti za barabarani nazisikia kwa mbali, na usiku kucha yakawa yanavuma. Asubuhi yanazibuka, narudi kazini. Mzee aliyenifundisha kazi alinipigia kelele sikioni: "Utazoea!" Kweli nikazoea. Yale mavumo yakapungua, kichwa kikaacha kuuma, nami nikajisifu kwamba masikio yamekomaa. Kumbe yalikuwa yamepungua.

Jumapili sikupumzika pia. Kwa kuwa nilikuwa fundi, kanisani nilipewa jenereta na spika. Niliifurahia sana huduma hiyo. Kwaya ikisimama mimi ndiye niliyeamua sauti iende hadi wapi, na kwa kuwa niliipima kwa masikio yangu mwenyewe, mwaka hadi mwaka iliendelea kupanda. Watoto walikuwa wanakaa mbele, kwenye mkeka, chini ya spika.

Uziwi wa namna hii hauanzi kwa ukimya, na hapo ndipo unapomdanganya mtu. Sauti nilizisikia. Nilijua mtu anaongea, ila maneno yalikuwa yananiponyoka. Nikakata shauri kwamba watu ndio waliobadilika. Mama watoto alikuwa ameanza kunung'unika badala ya kusema. Vijana wa kinuni walikuwa wanameza maneno. Mchungaji naye alikuwa amezeeka, sauti imemwishia. Watu wote wa Rumonge walikuwa na kasoro isipokuwa mimi.

Binti yangu mdogo ndiye anayeniuma zaidi nikikumbuka. Alikuwa anatoka shule, ananipita nimekaa barazani, nami nangoja shikamoo, siisikii. Siku moja nikamwita nikamgombeza kwa kukosa adabu. Akasimama pale ameshika daftari zake, machozi yanamlenga, hajibu. Mama yake akatoka jikoni akaniambia, "Baba watoto, mtoto amekusalimia. Mimi nimemsikia nikiwa huku ndani, sufuria inachemka." Nikamwambia aache kumtetea. Tangu siku hiyo mtoto akirudi alizungukia nyuma ya nyumba.

Filimbi ya masikioni nayo ilikuwapo, lakini nilikuwa na maelezo yake. Huku ziwani malaria hatuikosi, na kila aliyewahi kumeza kinini anajua jinsi masikio yanavyopiga filimbi. Basi nikasema ni kinini. Mwenzangu mmoja akasema ni maji ya ziwa yamebaki ndani, nikamwaga mafuta ya uvuguvugu sikioni, yakaongeza uchafu tu. Wapo walionidokeza kwamba nimerogwa kwa sababu ya lile shamba. Nalo nililifikiria, sifichi.

Kisha mafuta yakakosekana. Tangu 2022 hivi petroli na mazuti vimekuwa adimu Burundi, na yapo majuma ambayo mashine zote zilisimama. Pikipiki hazikupita, boti za injini zililala ufukweni, jenereta za mtaani zilinyamaza. Majirani walisema Rumonge imetulia hata wavuvi wanasikika wakizungumza majini usiku. Mimi sikusikia wavuvi. Nilisikia filimbi, kali, isiyokata, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na injini ya kuifunika. Kinini nilikuwa sijameza kwa muda mrefu. Nikaogopa, lakini sikumwambia mtu. Mazuti yalipopatikana nilifurahi kuwasha injini, kwa sababu iliniondolea ile filimbi. Yaani niliitafuta dawa kwenye kitu kilichoniumiza.

Basi Mungu akanitumia mtu, na huyo mtu nilikuwa nimemdhalilisha.

Alikuwa bibi mmoja mjane, mteja wetu wa siku nyingi, mwenye michikichi yake upande wa Mutambara. Alileta magunia ya chikichi kwa baiskeli za kukodi, akanitajia idadi, nikaandika sita. Jioni, wakati wa kuhesabiana mafuta, akasema magunia yake yalikuwa tisa. Nikamwonyesha daftari. Akasema tena: tisa. Mimi nilisikia anasema sita, na nikaona ajabu kwamba mtu anakubaliana na daftari langu huku anadai zaidi. Nikapandisha sauti. Nikamwambia, mbele ya watu, kwamba utu uzima wake haumruhusu kuiba. Mtu wa umri wa mama yangu.

Hakugombana nami. Alisogea karibu akainua mikono yote miwili mbele ya uso wangu, kidole gumba kimoja amekikunja. Tisa. Waendesha baiskeli waliomletea mzigo wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akanishika mkono akanivuta hadi nje, mbali na injini, akasema polepole huku ananitazama usoni, nami nikamwelewa kila neno: "Mwanangu, wewe si mkorofi. Wewe husikii. Mume wangu alianza hivihivi."

Marehemu mume wake alikuwa nahodha wa boti za injini, akivuka ziwa kwenda Baraka na kurudi, amekaa kutwa hatua mbili kutoka kwenye mashine. Miaka yake ya mwisho, bibi alisema, walikuwa wanaongea kwa mikono. Ndiyo maana vidole vilimjia haraka.

Nilimlipa mafuta yake yote. Habari ikamfikia tajiri wangu, na kwa kuwa si bibi peke yake aliyelalamika, tajiri akataka kunitoa kazini. Bibi yuleyule ndiye aliyekwenda kuniombea. Sikumtuma. Nilipata habari kwa tajiri mwenyewe, aliyeniambia kwamba mama mzee amesema nisifukuzwe, nipelekwe kupimwa. Nilikuwa nimemwita mwizi, naye akanilindia mkate wa watoto wangu. Mpaka leo sijui nilistahili nini.

Nikapanda hiace kwenda Bujumbura, kilomita 75 hivi kandokando ya ziwa. Kwenye hospitali moja daktari wa masikio alinichungulia kwanza, akanitoa uchafu pamoja na mabaki ya yale mafuta. Kisha nikaingizwa kwenye chumba kidogo kilichofungwa, nikavishwa vifaa vya masikioni, nikapewa kitufe: kila nikisikia mlio, nibonyeze. Milio minene niliibonyezea vizuri. Halafu pakawa kimya. Nikakaa, nikakaa, nikidhani mashine yao imeharibika. Kupitia kioo nikamwona mpimaji anaendelea kuandika.

Alinionyesha karatasi. Mstari ulianza juu, mahali pazuri, ukaenda sawasawa, kisha ukaporomoka kwenye alama ya 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Akasema kelele za kazini hupiga hapo kwanza, karibu kwa kila mtu. Irabu zetu, a na i na u, ziko kwenye sauti nene, kwa hiyo bado ninazo. Lakini s, t, f na sh ziko huko juu, dhaifu na nyembamba, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Hapo nikaelewa. Sita na tisa, ukiziondolea s na t, ni kitu kimoja. Shikamoo ya mtoto wa kike, kwa sauti yake nyembamba, ilikuwa inanifikia imekatwa kichwa.

Ndani ya sikio, akanieleza, kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, na humo mna chembe zenye vinywele vidogo mno, kama 15,000 kwa kila sikio. Ndizo zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Kelele kubwa ikizipiga kwa muda mfupi huchoka, na zikipumzishwa huamka. Ndiyo yale masikio kuziba jioni na kuzibuka asubuhi. Zikipigwa kila siku hufa. Kwa ndege humea upya. Kwa binadamu hazimei. Nikamuuliza kuhusu kinini. Akasema filimbi ya kinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Hii yangu haiondoki.

Nikamuuliza pia mbona masikio hayakuniuma. Hilo ndilo ningependa kila fundi alijue. Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kwenye 85 mtu anaweza kukaa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu na muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Maumivu huja kwenye 120 na zaidi. Katikati hapo, kutoka 85 hadi 120, sikio linaharibika na mwenyewe hana habari. Nilifanya kazi humo katikati miaka yote hiyo.

Nilirudi Rumonge nikiwa na hasira. Nilimwomba Mungu aniponye, nikafunga, nikaombewa. Masikio hayakupona, na sitasema yamepona ili ushuhuda wangu upendeze. Nilichopewa ni vizibo vya sponji na nafasi ya pili ya kukaa na watu niliokuwa nimewakosea.

Vizibo vyenyewe vilinishinda mwanzoni. Nilivisukuma tu mlangoni mwa sikio, vikadondoka. Nikajaribu pamba, na pamba haizuii lolote la maana. Baadaye nikajifunza: unakisokota kizibo kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa, unalivuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, unakiingiza, unakishikilia hadi kijae. Vijana wakanicheka: "Fundi amekuwa rubani." Zaidi ya kuchekwa niliogopa kazi yenyewe. Fundi wa injini husikiliza. Mkanda ukilegea unajua kwa mlio. Sasa mlio ulikuwa umebadilika, na mara kadhaa nilivichomoa kwa hofu. Ilinichukua muda kujifunza kuweka kiganja kwenye fremu na kuisikia mashine kwa mkono.

Halafu nikaona kwamba kuziba masikio ni hatua ya mwisho, na ya kwanza ni kuifuata kelele kwake. Tajiri alikubali shingo upande, baada ya kuona gharama ni ndogo. Bomba la moshi tulilirefusha hadi nyuma ya kinu na kulifungia kizuia mlio cha lori bovu. Kati ya injini na wakamuaji tukajenga ukuta wa matofali, mkanda unapita kwenye tundu. Mashine ya kokwa tukaitoa nje kabisa, upande usio na watu, na anayeishughulikia hubadilishana na mwenzake. Siku ya kwanza baada ya ukuta kukamilika, kijana mmoja aliniuliza jambo kwa sauti ya kawaida, nikamjibu, tukatazamana. Hatukuwa tumewahi kuongea namna hiyo mle ndani injini ikiwa imewaka.

Kanisani nilisimama nikayasema yote. Niliwaambia wazazi kwamba nilikuwa nawapandishia watoto wao kelele ili mimi nisikie. Niliomba spika ziinuliwe juu, zielekezwe nyuma, watoto wahamishwe, na mtu mwenye masikio mazima ashike ile mitambo. Baadhi ya waumini walinung'unika kwamba ibada imepoa. Lakini baada ya ibada walinifuata watu nje: mchomeleaji wa mageti, mama wa mashine ya unga, kijana wa boti. Mmoja akaniuliza kama filimbi hupona. Mwingine akasema tu, "Mke wangu naye ananung'unika siku hizi," akacheka, kisha akaacha kucheka.

Tangu hapo nimesoma ninachoweza kwenye simu ya mpwa wangu. Daktari mmoja wa Italia, Ramazzini, aliandika mwaka 1713 kuhusu wafua shaba wa Venezia, jinsi kazi ya kugonga ilivyowatia uziwi. Zaidi ya miaka 300 imepita, na mafundi bado tunaambiana "utazoea". Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya muziki wa spika na wa masikioni tu. Nikiwaona wanafunzi wetu wanatembea barabarani visikizio masikioni, muziki unasikika hadi kwa anayepishana nao, nawafikiria.

Kifaa cha kusikia bado sijakimudu. Filimbi ipo, hata ninapoandika haya. Ninakaa kwenye kiti kinachotazama mlango ili niwaone watu midomo, na nikikosa neno naomba lirudiwe, jambo ambalo zamani ningeona ni aibu. Binti yangu tulimkalisha mimi na mama yake, nikamwomba msamaha. Alinisamehe upesi kuliko nilivyotarajia. Sasa akija kunisalimia anasimama mbele yangu, ananigusa bega kwanza, ndipo anasema. Hakuna aliyemfundisha. Yule bibi wa Mutambara bado analeta chikichi zake, na idadi ananionyesha kwa vidole hata pale ambapo nimemsikia.

Ndugu unayesoma, uwe wa kinu, wa boti, wa karakana ya kuchomelea, wa baa au wa kwaya, fanya jambo moja kesho ukiwa kazini. Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, muongee. Mkilazimika kupaza sauti, kelele hiyo imezidi kipimo na inawala wote wawili. Ukitoka jioni masikio yanavuma, usingoje yatulie asubuhi ukajiona mzima. Na ikiwa nyumbani kwako wote wameanza kunung'unika, usiwagombeze kabla hujaenda kupimwa.